Hewa ya Mtungi wa Kumi na Nne

Kila mtu alikuwa ameisikia kengele. Hilo ndilo lililomsumbua Lourdes Avelar.

Alisimama ghorofa ya pili ya jengo la kuchomea, linalowashwa moto wa mazoezi ya zimamoto, katika chumba cha zege ambacho kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moto wa miaka thelathini. Jumanne iliyopita, kadeti Pheng Moua, kijana wa miaka ishirini na mbili, alibebwa kutoka humu akiwa hajitambui, koo na mapafu vimeungua kwa moshi wa moto. Leo ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Kesho saa tatu kamati ya Chuo cha Jamii cha Sauce Hondo ingetia saini barua ya kumfukuza. Kadeti akifukuzwa kwa kuvunja kanuni ya usalama, hakuna chuo cha zimamoto katika jimbo zima kitakachompokea tena.

Lourdes alikuwa mpelelezi wa jimbo wa ajali za kazini. Kabla ya hapo alizima moto miaka kumi na moja, na kabla ya hapo alikuwa kadeti katika uwanja huuhuu.

"Avelar!" Sauti ilitoka chini ya ngazi. "Kumbe wamekuleta wewe. Bado unaogopa ngazi?"

"Naogopa wanaozishika, Kapteni."

Kapteni Royce Stillwell alipanda akicheka. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mkufunzi mkuu, masharubu meupe, mgongo ulionyooka kama mlingoti. Ndiye aliyemfundisha Lourdes kuingia ndani ya moshi kwa magoti na kutoka kwa magoti.

"Umeshahesabu paleti zangu za mbao?" aliuliza.

"Nimehesabu misumari kwenye majivu. Paleti sita na robota mbili za majani makavu. Sawa na mpango ulioandika."

"Ulidhani nimezidisha."

"Nilidhani. Ndiyo kazi yangu." Lourdes alifungua daftari. Usiku wote alikuwa ameshikilia wazo hilo, kwamba mtu alipandisha moto kupita kiasi. Sasa lilikuwa limekufa, na hakulisikitikia. "Nisimulie tena. Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale." Stillwell alionyesha kichwa cha ngazi, hatua saba kutoka mlangoni. "Moua na Renfro waliingia saa tatu na dakika thelathini na moja kutafuta mdoli wa mazoezi, kana kwamba ni majeruhi. Moshi mzito, hawaoni kitu. Baada ya muda kengele ya hewa ikalia. Kanuni ni kwamba kengele ikilia, wawili wote wanatoka. Hawakutoka."

"Ilipita muda gani kabla kengele haijalia?"

"Dakika kadhaa."

"Na wewe ukafanya nini?"

Stillwell alijikuna masharubu. "Nikasubiri. Nilitaka kuona kama wataamua wenyewe. Siwezi kumshika mtu mkono mpaka siku ya kuhitimu, Avelar. Kisha nikasikia king'ora cha mwili, kile kinacholia mtu akitulia bila kusogea. Nikaita kikosi cha uokoaji. Wakamkuta Moua chini, kidhibiti cha hewa kimechomolewa kwenye barakoa yake. Renfro amepiga magoti juu yake, amemshika. Hakumwacha mwenzake. Dakika zote zile, hakumwacha."

"Nani alichomoa kidhibiti?"

"Moua mwenyewe. Kengele yake ililia, akataharuki. Imo kwenye maelezo ya Renfro."

"Nimeyasoma," alisema Lourdes. "Ya kwako pia. Mmetumia neno moja."

"Neno gani?"

"Alitaharuki."

"Kuna neno jingine?" aliuliza Stillwell, akaanza kushuka ngazi.

*

Colby Renfro aliletwa darasani akiwa bado na vumbi la mazoezi magotini. Alikuwa kijana mrefu, nywele za rangi ya majani makavu, uso wa mtu anayependwa kirahisi. Wanafunzi wenzake walikuwa wameandika majina yao kwa wino ndani ya kofia yake ngumu, na juu ya majina hayo mtu ameandika kwa herufi kubwa: HAKUMWACHA.

"Keti," alisema Lourdes. "Mnafahamiana na Moua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Inspekta. Tulipangwa pamoja kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Ni mfupi." Alitabasamu. "Wiki ya pili wakagundua anafunga fundo gizani haraka kuliko mtu yeyote humu. Kila mtu akaanza kumtaka. Nikawaambia, mmechelewa, huyu ni wangu."

"Mlikuwa mnasoma pamoja?"

"Kila Jumanne na Alhamisi, gereji ya kwao. Mimi na vitabu hatuelewani. Bila Pheng nisingefaulu mtihani wa kemikali hatari, hata mmoja. Mama yake ananipikia. Ule mchuzi wao wa kuku wa mitishamba, Inspekta, unaweza kumfufua mtu." Aliangalia mikono yake. "Samahani. Sikukusudia kusema hivyo."

"Asubuhi ile mlikagua mitungi?"

"Kila mmoja wake. Yeye namba kumi na nne, mimi namba tisa."

"Yako ilisoma kiasi gani?"

"Imejaa. Elfu nne na mia tano. Nilitia saini."

"Kengele ilikuwa ya nani?"

"Ya Pheng."

"Ulijuaje? Mlikuwa gizani."

"Nilikuwa nimemshika mguu. Ililia hapohapo, karibu na sikio langu."

"Yako haikulia?"

"Hapana, Inspekta."

"Kisha?"

"Nikamwambia tutoke. Yeye akataharuki, akachomoa kidhibiti. Nikajaribu kukirudisha, akanisukuma. Akaanguka." Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mwanafunzi anayekariri. "Nikabaki naye mpaka wakaja."

Lourdes aliandika. Hakuinua kichwa alipouliza, "Una kazi inayokusubiri?"

"Ndiyo. Kikosi cha zimamoto cha mjini. Barua ilikuja mwezi jana. Naanza Agosti." Sauti yake ilipanda kidogo. "Na mke wangu anajifungua Septemba."

"Hongera."

"Asante, Inspekta. Nikuombe kitu? Ukimwona Pheng, usimsumbue sana. Daktari amesema asiongee."

*

Otis Pruett, mtunza ghala, alikuwa amekaa nyuma ya dirisha lake la wavu akila lozi kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Mtu mnene, mweusi, wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Hakusimama.

"Nimekuja kuiona mitungi ya Jumanne," alisema Lourdes. "Namba tisa na namba kumi na nne."

"Iko pale rafuni. Imejaa."

"Imejaa?"

"Niliijaza saa tano. Siku ileile."

Lourdes alimtazama. "Mtu amelala hospitali, na wewe saa moja unusu baadaye unajaza mtungi wake?"

"Mitungi inarudi, naijaza. Ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa naifanya."

"Nani alikuambia uijaze?"

"Hakuna mtu anayeniambia. Na hakuna aliyeniambia nisiijaze." Otis aliweka mfuko wa lozi chini. "Unaniangalia kama mwizi wa kuku, binti. Sema unachofikiri."

"Nafikiri umenifutia ushahidi."

"Nimejaza chuma. Chuma hakina kumbukumbu." Alishuka kwenye kiti chake, akaufungua mlango wa wavu. "Kumbukumbu ziko kwenye kisanduku hiki cha mgongoni, kwenye mikanda. Kila nusu dakika kinaandika hewa iliyobaki na idadi ya pumzi. Nilidhani mtakuja kukisoma Jumatano. Nikakaa. Alhamisi, nikakaa. Hakuna aliyekuja."

"Kapteni hakukuomba?"

"Kapteni hakuomba."

Otis aliunganisha waya kwenye kompyuta. Mistari ya namba ilijipanga kwenye kioo. Lourdes alivuta kiti, akaanza na namba tisa, ya Renfro.

Hakuhitaji kusoma zaidi ya mstari wa kwanza. Saa tatu na dakika thelathini na moja, wakati wa kuingia: elfu mbili na mia mbili. Haikufika nusu.

"Mtungi huu ulitumika Jumatatu," alisema Otis polepole. "Hakuuleta kujazwa. Na Jumanne asubuhi akaandika elfu nne na mia tano bila kuangalia geji."

"Kengele inalia kwenye kiasi gani?"

"Theluthi. Elfu moja na mia tano."

Lourdes aliteremsha kidole kwenye kioo. Saa tatu na dakika thelathini na nne: elfu moja na mia tano. Dakika tatu tu baada ya kuingia. Mtungi uliojaa hauwezi kulia ndani ya dakika tatu, hata aliyeuvaa awe anakimbia. Stillwell alijua hilo kuliko mtu yeyote katika bonde zima, na alikuwa amesimama hatua saba kutoka mlangoni. Dakika thelathini na tisa, namba tisa ilisoma sifuri.

"Kengele ilikuwa ya Renfro," alisema.

"Basi mwongo ni yeye," alisema Otis. "Maliza kazi."

"Bado. Anaweza kusema aliisikia vibaya gizani." Lourdes alibonyeza. "Fungua kumi na nne."

Mtungi wa Pheng Moua ulianza ukiwa umejaa. Ulishuka taratibu, pumzi ishirini na mbili kwa dakika, ishirini na nne, mtu mtulivu anayefanya kazi. Dakika thelathini na tisa: elfu mbili na mia saba. Hapo pumzi zikakatika kwa nusu dakika. Kisha zikarudi. Arobaini na moja kwa dakika. Arobaini na nne. Arobaini na tatu. Mpaka dakika ya arobaini na mbili, kikosi cha uokoaji kilipowafikia.

Lourdes alizisoma mara tatu. Kisha akachukua orodha ya king'ora cha mwili, ambayo ilikuwa imechapwa kwenye ukurasa wa pili wa ripoti. King'ora cha Pheng kilianza kulia dakika ya arobaini. Pheng alikuwa chini, hasogei, kidhibiti hakipo kwenye uso wake.

"Otis," alisema, "vidhibiti vyote ni vya aina moja?"

"Vyote. Unakichomoa hapa, unakibana pale, kinaingia."

"Kidhibiti cha namba kumi na nne kinaingia kwenye barakoa ya mtu mwingine?"

Otis alivua miwani.

"Mwenye mtungi amelala sakafuni bila hewa," alisema Lourdes, "na mtungi wake unapumua pumzi arobaini na nne kwa dakika. Niambie, nani alikuwa anapumua?"

Nje, makadeti walikuwa wakikimbia na mipira ya maji mabegani huku wakiimba. Otis alikaa akiutazama ule mstari wa namba.

"Yesu wangu," alisema. "Alipiga magoti juu yake. Kwa sababu mpira wa hewa ni mfupi."

*

Wodi ya majeruhi wa moto kule Fresno ilikuwa mwendo wa dakika hamsini kwa gari. Pheng Moua alikaa ameegemea mito, shingo imefungwa bendeji, macho mekundu. Bomba lilikuwa limetolewa kooni mwake jana. Magotini alikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu. Mama yake, mwanamke mdogo wa mwili mwenye mikono ya mkulima, alikuwa akimmenyea chungwa ambalo kijana hangeweza kulila.

"Umekuja kumsaidia?" mama aliuliza.

"Nimekuja kumuuliza, mama."

"Muulize taratibu. Anakohoa damu."

Lourdes alijitambulisha, kisha akamuuliza Pheng anakumbuka nini. Kijana aliandika bila kusita: *Sikumbuki.*

"Kengele ilikuwa ya nani?"

*Sikumbuki.*

"Nani alichomoa kidhibiti chako?"

Kalamu ilisimama kidogo. *Sikumbuki.*

Lourdes alikuwa amehoji watu wengi wasiokumbuka. Asiyekumbuka kweli hutafuta. Macho yake huzunguka, huuliza maswali yeye. Huyu alikuwa akimtazama usoni kama mlinzi mlangoni.

"Watu wa chuo wamekuja kukuona?"

Mama ndiye aliyejibu. "Kolbi tu. Ndiye mtoto mwema. Jumamosi alikuja, akaleta machungwa haya, akamshika mkono, akalia. Mimi nikatoka nje wakae, marafiki."

"Jumamosi," alisema Lourdes.

"Jumamosi mchana. Bomba bado lilikuwa kooni. Mwanangu hakuweza kujibu, alifanya hivi tu." Mama aliinua kidole gumba.

Lourdes aligeuka kwa Pheng. "Ulikuwa unakubali nini?"

Pheng alifunika ubao kwa kiganja.

"Nitakuambia ninavyodhani, na wewe unyamaze ukitaka. Nimesoma visanduku vya mitungi. Najua kengele ilikuwa ya nani. Najua nani alipumua hewa yako. Simtafuti mkosaji, nimeshampata. Ninachotafuta ni kwa nini unamlinda mtu anayekufukuzisha chuo."

Kijana alikunja uso. Aliandika haraka: *Sifukuzwi. Narudi darasa la Januari.*

"Nani kakuambia?"

Mama alikuwa ameacha kumenya. Hatimaye Pheng aliandika, akafuta, akaandika tena, herufi ndogondogo zikijaza ubao wote:

*Colby. Hewa yake iliisha akapagawa. Angekuwa mtu yeyote. Aliniomba niseme sikumbuki. Yeye ataandika kilichomoka chenyewe kwenye purukushani, kosa si la mtu. Mimi narudia Januari, jina safi. Yeye hapotezi kazi. Mtoto anakuja. Nikakubali.*

"Alikuambia ataandika. Jumamosi."

Alitikisa kichwa kukubali.

Lourdes alitoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa na haki ya kutoionyesha, na kwa dakika nzima alifikiria kutoionyesha. Kisha akaiweka juu ya ubao.

Pheng aliisoma. Ilikuwa nusu ukurasa. *Kadeti Moua alitaharuki aliposikia kengele yake. Alichomoa kidhibiti mwenyewe. Nilipojaribu kumsaidia alinisukuma.* Macho yake yalifika mwisho, yakarudi juu, yakafika tena mwisho, na hapo yakabaki. Chini kabisa palikuwa na saini ya Colby Renfro, na tarehe ya Jumatano.

Jumatano, siku moja baada ya moto, siku tatu kabla ya machungwa.

Alipokuwa amemshika mkono akilia na kuahidi ataandika nini, alikuwa ameshaandika.

"Nini?" aliuliza mama. "Imesema nini?"

Pheng alifungua mdomo. Daktari alikuwa amemkataza, Lourdes naye aliinua mkono kumzuia, lakini alimsomea mama yake ile karatasi yote, kwa lugha yao, kwa sauti iliyokwaruza kama koleo kwenye zege. Mara mbili alikohoa. Penye neno lile moja alikwama, akatafuta, akajaribu neno, akalikataa, akajaribu lingine. Mama alilirudia kwa mshangao. Lourdes hakujua lugha hiyo, lakini aliona lilivyompiga.

Mama aliweka kisu kwenye sahani.

"Huyu amelala nyumbani kwangu," alisema. "Mvua iliponyesha, nilimwambia asiendeshe gari, alale. Nilimfunika blanketi la mume wangu."

Pheng aliipindua karatasi isionekane, akafuta ubao kwa kiganja, akaanza kuandika upya. Aliandika dakika ishirini. Ubao ulipojaa Lourdes aliupiga picha, naye akaufuta na kuendelea. Akamaliza kwa kuandika jina lake kamili na tarehe, kubwa, na kuipigia mstari tarehe.

*

Saa tisa alasiri Lourdes alirudi darasani. Stillwell alikuwa tayari ameketi kando ya Renfro.

"Kadeti ana haki ya kuwa na mkufunzi wake," alisema Kapteni.

"Anayo," alisema Lourdes. Alitandaza karatasi mbili za namba mezani. "Colby, hii ni namba tisa. Ulianza na elfu mbili na mia mbili."

Renfro aliziangalia. "Mashine imekosea."

"Hii ni kumi na nne. Dakika ya arobaini Pheng amelala. Mtungi wake unapumua pumzi arobaini na nne."

"Mashine hizi ni kuukuu, Inspekta. Muulize Otis."

"Nimemuuliza."

"Moto ulikuwa mkali, joto linaharibu..."

"Joto haliandiki pumzi, Colby."

Stillwell alikohoa. "Avelar, kijana huyu ana miaka ishirini na tatu. Gizani, ndani ya moshi, mtu haoni..."

"Sijamuuliza alichoona. Nawe nitakuuliza kitu, Kapteni. Kengele ililia dakika tatu baada ya kuingia. Ulidhani mtungi uliojaa umelia?"

Stillwell aligeuza uso dirishani.

"Ulijua. Ukasubiri, uone wataamua nini. Na jambo lilipoharibika, ukahitaji kengele ile iwe ya mtu aliyekosea mwenyewe. Ndiyo maana hukuvisoma visanduku. Siku sita."

"Nilikuwa na shahidi," alisema Stillwell.

"Mimi niliandika 'kilichomoka,'" alisema Renfro ghafla. Alikuwa akiitazama meza. "Mara ya kwanza. Niliandika kilichomoka kwenye purukushani. Kapteni akairudisha. Akasema, kadeti, kitu hakichomoki chenyewe. Je, alitaharuki au hakutaharuki?"

"Kadeti, nyamaza."

"Nikauliza, kuna tofauti gani? Akasema tofauti ni kwamba mmoja wenu ana barua ya kazi."

"Nimesema nyamaza!"

"Kapteni," alisema Lourdes, "toka nje."

Stillwell alisimama. Alimtazama kama alivyomtazama miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa binti wa shamba la ng'ombe wa maziwa asiyejua kushika shoka. "Nilikufundisha kazi hii, Lourdes. Nilikusimamia mimi, wakati hakuna mwingine aliyetaka mwanamke kwenye mpira wake wa maji."

"Ulinifundisha kengele ikilia watu wanatoka," alisema. "Toka. Nitakuita utoe maelezo kwa kiapo."

Mlango ulifungwa. Kiyoyozi kilinguruma. Renfro alikuwa amefumbata mikono, lakini uso wake bado ulikuwa ukitafuta njia. Lourdes alikuwa ameuona uso wa namna hiyo mara nyingi. Alijua bado anahesabu: mashine kuukuu, Kapteni wa kumlaumu, Pheng asiyekumbuka.

"Haya maelezo yangu," alisema Renfro taratibu, "ni ya ofisini tu, si ndiyo? Hayatoki nje. Pheng hawezi kuyaona."

"Pheng ameyasoma leo saa sita."

Renfro aliinua kichwa.

"Yote?"

"Na tarehe."

Aliangalia mlango.

"Mama alikuwepo?"

"Alikuwepo. Pheng ndiye aliyemsomea."

Hapo ndipo alipovunjika. Mashine hazikumvunja, wala Kapteni. Aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Lourdes alisubiri. Hakumpa kitambaa. Alipoona ametulia alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu.

Aliandika kurasa tatu. Saa kumi na dakika arobaini Lourdes alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, akamsomea ukurasa wa kwanza tu, na barua ya kumfukuza Pheng Moua ikaondolewa kwenye ajenda ya kesho. Stillwell alisimamishwa kazi kabla ya saa kumi na moja. Lakini mapafu ya Pheng hakuna barua iliyoweza kuyaponya; daktari alikuwa amemwambia Lourdes kwenye korido, kwa sauti ya chini, kwamba Januari ni mapema mno, na huenda hata Januari nyingine ni mapema.

Colby Renfro aliagizwa arudishe vifaa. Alivuka uwanja amekumbatia koti, buti, barakoa na ile kofia yenye majina, huku makadeti ishirini na wawili wakikunja mipira ya maji. Habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna aliyemtukana. Msichana aliyekuwa mwisho wa mstari alimfuata, akaichukua ile kofia kutoka juu ya mzigo wake, akatoa kitambaa mfukoni, akakitia mate na kusugua ndani mpaka jina lake likafutika. Akairudisha juu ya mzigo, akarudi kwenye mpira.

Kwenye dirisha la wavu Otis Pruett alikuwa amevaa miwani na kufungua daftari la kupokelea vifaa. Renfro aliweka mzigo kaunta.

"Jina?" alisema Otis.

"Otis... ni mimi."

Otis hakuinua macho kwenye daftari.

"Jina."